Ng'ombe Wasiotajwa

1

Mtama wa Chibago ulianguka mchana kweupe, bila upepo, bila mnyama, bila mtu kuugusa.

Malogo aliuona kwa macho yake. Alikuwa ndiyo kwanza ameegesha pikipiki yake ya umeme wa jua ukingoni mwa shamba la shemeji yake, anajiandaa kusalimia, na mstari mzima wa mimea mbele yake ukalala chini taratibu, kama watu waliochoka kusimama. Halafu ukafuata mstari wa pili. Mashina yalikuwa yamefika kifuani, majani mabichi, masuke yameanza kuchungulia. Hayakuvunjika. Yaling'oka yenyewe, kana kwamba yamepandwa juu ya uji.

Malogo akasahau kusalimia.

"Umeona sasa," Chibago alisema kutoka ng'ambo ya mstari. "Mimi nilitaka kukupigia wiki iliyopita. Dada yako akasema utadhani tumekunywa."

Malogo alimuuliza imeanza lini. Chibago akamweleza kwamba ilianzia kona ya zizi, siku tisa zilizopita, mimea mitano mitano, wakadhani ni mchwa. Wakamwaga majivu. Kesho yake ikaanguka ishirini. Sasa shamba la ekari tatu lilikuwa limebaki nusu, na hiyo nusu ndiyo waliyokuwa wanaitazama ikijilaza.

Dada yake ndiye aliyemwita Malogo pale Msunjile, aje na fimbo yake ya kupimia udongo, na alikuwa ameifunga kwenye pikipiki. Alikuwa mshika mzunguko wa Igunguli, kijiji cha saa mbili kwa barabara ya vumbi. Kazi hiyo haikuwapo zamani. Ilikuja na fiwi, kunde ya kutambaa iliyoletwa na Kituo cha utafiti wa kilimo, miaka minane iliyopita, mvua ilipokuwa imepungua mpaka mtu akazihesabu siku zake za mwaka kwa vidole vya mikono na miguu na vidole vikabaki. Sheria ya Igunguli ni fupi. Shamba lililobeba mtama mwaka huu, mwakani linabeba fiwi. Lililobeba fiwi, mwakani linabeba mtama. Fiwi hutambaa na kufunika udongo, huvuta chakula cha mimea kutoka hewani na kukiweka kwenye vinundu vya mizizi yake. Majani hukatwa, hukaushwa, ng'ombe hula mpaka mvua nyingine. Mtama unaofuata hukuta ardhi imeshiba. Malogo hupita na fimbo shamba kwa shamba, anachoma udongo, na kioo kwenye mpini kinamwambia nani ageuze na nani asubiri. Hakumaliza darasa la tano, lakini kioo hicho alikisoma kama mchungaji anavyosoma Biblia.

Msunjile hawakupewa fiwi. Kituo kilichagua vijiji vyenye mashamba mapana na uzio. Mtu mwenye ekari tatu ukimwambia nusu yake ni ya majani ya ng'ombe, watoto atawapikia nini?

Alipiga magoti, akaung'oa mtama mmoja uliokuwa bado umesimama. Ulikuja bila ubishi. Mizizi ilikuwa imebaki utelezi mweupe, na utelezi ulinuka. Malogo aliinusa mara mbili. Ilinuka maziwa yaliyochacha kwenye kibuyu kisichooshwa, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya joto, ya majani yaliyovunda. Aliijua. Aliamka nayo kila asubuhi. Ilikuwa harufu ya zizi lake.

Alijiambia samadi zote hunuka. Akaifungua fimbo, akaichoma ardhini, akasubiri.

Nje ya Igunguli fimbo ile husoma maji na chumvi tu. Haina cha kusema zaidi, kwa sababu mdudu wa fiwi hayupo. Kituo kilimtengeneza mdudu huyo mdogo asiyeonekana, aishiye kwenye vinundu, na kikampa kila kijiji mdudu mwenye alama yake, mpaka kila zizi, ili mtu akiiba mbegu ajulikane kaiba wapi. Malogo aliwahi kumkamata mwizi mmoja kwa njia hiyo, na alijivuna mwaka mzima.

Kioo kikaandika maji kidogo. Kikaandika chumvi ya kawaida. Halafu kikatulia, kikaandika mstari wa tatu.

IGUNGULI. ZIZI LA MALOGO. HAI.

Aliusoma tena. Akaichomoa fimbo, akahama hatua kumi, akachoma. Mstari uleule. Akahama tena.

"Inasemaje?" Chibago aliuliza.

Malogo alifunika kioo kwa kiganja. Hakupanga kufanya hivyo. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Haisomi," alisema. "Betri."

"Fimbo ya Igunguli hiyo, shemeji. Imeona maskini ikagoma."

Chibago alicheka peke yake. Sechelela, dada yake Malogo, alikuwa anakuja kutoka nyumbani na kibuyu cha maziwa na bakuli. Akammiminia kaka yake, akamwambia anywe, safari ni ndefu, na chakula hakijaiva. Nyuma yake, kwenye kivuli cha zizi la miti, ng'ombe mwenye mabaka aliyeitwa Mabala alikuwa anacheua, macho nusu yamefumba. Alikuwa ng'ombe wa Malogo. Alimleta pale mwenyewe miaka mitatu iliyopita.

"Huyu ng'ombe wako ndiye anayetuweka hai, kaka," Sechelela alisema. "Maziwa yake hayakatiki hata kiangazi. Na samadi yake tumeimwaga shamba zima, kama ulivyotufundisha."

Malogo alikuwa na maziwa mdomoni. Ilimchukua muda kuyameza.

2

Zizini kwake kulikuwa na waya uliotundikwa kati ya nguzo mbili, na kwenye waya hereni thelathini na moja.

Ili mtu aelewe zile hereni, lazima aelewe kwanza kwamba Mgogo mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote zizi moja. Anampeleka huyu kwa shemeji, yule kwa rafiki, wale wawili kwa mtu waliyetahiriwa naye. Ng'ombe anabaki wako. Anayemtunza anapata maziwa na samadi, na baada ya muda ndama wake mwenyewe. Ugonjwa ukiingia kwako, au wezi, hutabaki na kamba tupu mkononi. Babu zao waliishi hivyo katika nchi isiyo na huruma, na kwa sababu hiyo waliishi. Na jambo hilo halitajwi. Mtu haulizwi ng'ombe wake wako wapi, na akiulizwa hajibu. Anayewataja anaita kijicho, na kijicho hakikosi njia.

Kituo kilipoleta fiwi kilileta na hereni. Kila ng'ombe anayekula fiwi avishwe sikioni, na hereni imwambie Kituo aliko, mchana na usiku. Wanaume wa Igunguli walizipokea kwa adabu zote na kuwavisha ng'ombe wote. Halafu kila ng'ombe aliyetoka kwenda kwa watu alivuliwa hereni mlangoni, ikatundikwa zizini. Mtambo wa Kituo ukaendelea kuhesabu ng'ombe arobaini na watatu nyumbani kwa Malogo, wametulia kama mawe. Kwa macho, zizini mlikuwa na kumi na wawili.

Hakuna aliyemshauri mwenzake. Hakikufanyika kikao. Kila mtu alijifanyia peke yake akidhani ndiye mjanja.

Malogo alisimama mbele ya waya ule mpaka mke wake, Mwaja, akamuuliza kama kuna aliyekufa. Akasema hajui bado. Kisha akampigia bibi shamba wa Kituo, Tukuswiga, akamwambia aje na vyombo vyake vyote.

Alifika kesho yake asubuhi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa nchi za baridi za kusini, asiyependa maneno mengi. Malogo alimpa udongo wa Msunjile kwenye mfuko wa plastiki na mizizi ndani ya chupa. Yeye akaviweka kwenye mtambo wake mdogo juu ya meza ya jikoni, akatazama, akatazama tena. Kisha akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na uchafu.

"Mzee Malogo, hii umeitoa wapi?"

Alimweleza. Alimpeleka na kwenye waya. Tukuswiga alizihesabu hereni kwa kidole, moja moja, mdomo wazi. Alipofika mwisho alikaa juu ya jiwe la chumvi ya ng'ombe, bila kujali sketi yake.

Alimweleza bila kuremba. Mdudu wa fiwi hupita tumboni mwa ng'ombe akiwa hai. Ndivyo alivyoundwa: tumboni anasaidia kusaga mabua makavu, ndiyo maana maziwa hayakatiki kiangazi, kisha anarudi shambani na samadi na kuisubiri fiwi ya mwaka unaofuata. Kituo kilijua hatari ya kumwachia kiumbe wa namna hiyo. Kwa hiyo kilimfunga kwa kufuli. Akikaa misimu miwili bila kuonja fiwi, anakufa. Ng'ombe wote wako ndani ya uzio, hereni zinasema hivyo, basi hata akitoka kidogo, hafiki mbali.

"Huko Msunjile hakuna fiwi," Malogo alisema. "Kwa nini hakufa?"

"Walikufa. Karibu wote walikufa."

"Karibu."

"Lakini tumboni kufuli haiwafikii, na kila siku Mabala anamwaga wengine, mamilioni. Miaka mitatu. Kufuli inaua wote wasiojua kula kitu kingine. Sasa ukiua kila siku wasiojua kula mtama, mzee wangu, mwisho unabaki na nani?"

Jibu lilikuwa limelala kwenye shamba la Chibago.

Alimuuliza kwa nini mtama wa Igunguli haufi. Akaambiwa kwamba huku mdudu ana fiwi yake kila mwaka wa pili. Mwenye chakula mezani hajifunzi wizi. Wa kule alijifunza, na sasa hasubiri misimu wala nini. Akimwagwa leo, mwezi ujao anakula.

Kulikuwa na dawa. Kituo kiliiita chumvi ya kuzima. Ukiimwaga shambani mdudu anakufa, lakini ng'ombe mmoja tu akipita na samadi yake, anarudi. Ilibidi ianze kwa ng'ombe, wote, popote walipo. Na hapo ndipo sauti ya Tukuswiga ilipopungua. Ng'ombe aliyezaliwa kabla ya fiwi ana wadudu wake wa asili tumboni, ataugua na pengine atapona. Aliyezaliwa baada ya fiwi hana mwingine isipokuwa huyu. Ukimzima mdudu huyu, ng'ombe atakula majani, atashiba, na atakufa kwa njaa tumbo likiwa limejaa.

Malogo alikuwa na ng'ombe arobaini na watatu. Waliozaliwa kabla ya fiwi walikuwa watano.

"Igunguli nzima ni ng'ombe elfu mbili na zaidi," alisema.

"Najua."

"Tutabaki na nini?"

Tukuswiga alisema kuna njia nyingine, na alipoisema alikuwa anatazama mikono yake. Wakubwa zake wangeipenda. Mtu asiseme kitu. Kituo kitangaze ugonjwa mpya wa mtama, bila kusema umetoka wapi, na kiwapelekee Msunjile na wengine wote fiwi. Mdudu akipata fiwi huenda akatulia. Ng'ombe watabaki. Kila mtu ataingia kwenye mzunguko.

"Huenda."

"Huenda, mzee. Sina neno bora."

"Na mwenye ekari tatu?"

"Atapanda ekari moja na nusu za mtama. Milele. Mwaka atakaoacha fiwi, utaanguka."

Malogo aliutazama ule waya. Akafikiria Sechelela na kibuyu chake. Kisha akafikiria ng'ombe elfu mbili wamelala kwenye mazizi ya Igunguli matumbo yamevimba, na watu wanaouliza ni nani aliyesema.

Akamwomba ampe siku tatu. Hakuzihitaji siku tatu. Alichotaka ni kutojua.

3

Siku ya pili, jua likiwa bado halijawa kali, Chibago alifika Igunguli kwa miguu akimswaga Mabala.

Walikuwa wametoka Msunjile alfajiri ya siku iliyotangulia, wakalala njiani kwa mtu. Ng'ombe alikuwa amepigwa mswaki, kwato zimesafishwa, shingoni ana kamba mpya ya katani. Mtu humrudisha hivyo ng'ombe wa watu pale tu anapotaka kusiwe na neno. Malogo alipoiona kamba ile alijua kuna jambo.

Chibago alikunywa maji kwanza, akaulizia nyumba nzima, akaulizia na kuku. Kisha akaeleza kilichomleta. Mtama umekwisha, wote. Mabua yenyewe yanaoza, hata ya kulisha hayafai. Mabala ni amana. Hawezi kumwacha amana afe njaa zizini kwake halafu aje kuonyesha ngozi.

"Na nyinyi je?" Malogo aliuliza.

"Sisi tuna kile kishamba cha mama yangu, kule juu kwenye mawe. Nusu ekari. Hakijawahi kupata samadi, mbali, na mama mbishi. Ajabu ni kwamba mtama wake umesimama." Akatabasamu kidogo. "Ila umekonda, rangi ya njano. Ndiyo nimemwambia Sechelela, leo na kesho abebe samadi yote iliyobaki zizini, ile iliyooza vizuri. Ameanza asubuhi hii. Samadi ndiyo dawa, si ulitufundisha wewe?"

Malogo alisimama ghafla mpaka kigoda kikaanguka.

Mwaja alikuwa anapepeta ulezi karibu na mlango. Baadaye aliwaambia watu kwamba uso wa mume wake siku hiyo ulikuwa kama wa mtu aliyemwona marehemu akiingia uani. Malogo alitafuta simu mifukoni, hakuiona, ilikuwa mkononi mwake. Akampigia dada yake. Iliita, ikaita. Akapiga tena. Chibago alikuwa anamtazama, kikombe kimesimama hewani.

Sechelela alipopokea alikuwa anahema. Malogo hakumsalimia. Alimwambia aweke chini alichobeba. Asimwage. Kama amemwaga, akizoe chote na udongo wake, achimbe shimo mbali na shamba, afukie, aoge, na viatu alivyovaa asikanyage navyo kwenye kishamba cha mama mkwe. Sechelela akauliza kama kaka yake ni mzima. Alikuwa bado yuko njiani na tenga la kwanza kichwani, hajafika. Malogo akamwambia alirudishe na azime simu ikiwa anataka, lakini alirudishe.

Akakata simu. Ng'ombe peke yake ndiye aliyekuwa anatafuna.

"Kuna nini kwenye samadi?" Chibago aliuliza.

Malogo akamwambia yote. Hakuwa fundi wa kuzungusha maneno na hakujaribu. Mdudu, alama, hereni, chumvi. Chibago alisikiliza bila kumkatiza hata mara moja. Mwisho akaweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa.

"Umejua lini?"

"Siku ile ile. Shambani."

"Ulisema betri."

"Nilisema betri."

"Ukanywa na maziwa."

"Nikanywa."

Chibago aliinuka, akamwendea Mabala, akaweka mkono kwenye mbavu zake. Alikaa hivyo muda mrefu, kama anayesikiliza kitu ndani. Malogo akamweleza kuhusu njia ya pili, ya fiwi kwa kila mtu, kwa sababu aliona si haki kumficha. Chibago alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Ekari moja na nusu nipande majani. Nina watoto wanne, shemeji. Nao niwafundishe kucheua?"

Alimuuliza ni nani wengine wenye ng'ombe wa Malogo. Malogo alifungua mdomo. Miaka hamsini na miwili ya kulelewa ilimfunga ulimi. Hata Mwaja hakuwa amewahi kusikia orodha ile. Malogo mwenyewe alirithishwa na baba yake kitandani, kwa kunong'onezwa sikioni, siku mbili kabla mzee hajafa.

"Basi," Chibago alisema. "Hata sasa huwezi. Wao nao wanabeba samadi leo."

Akaondoka bila kuaga. Mabala akamwacha pale na ile kamba mpya.

4

Siku ya tatu mkutano ulifanyika kwenye ghala la malisho, saa nne asubuhi, kwa sababu ndilo jengo pekee la Igunguli linalochukua watu wote. Marobota ya fiwi kavu yalipanda mpaka kwenye mabati, na wanaume walikaa juu yake. Wanawake walikaa upande wa mlango. Tukuswiga alikuwa ametundika ramani ya kijiji ukutani, kitambaa chenye mwanga, na kila ng'ombe mwenye hereni alionekana kama kinukta cha kijani. Vinukta elfu mbili na zaidi, vyote ndani ya uzio.

Tukuswiga alikuwa amemwambia Malogo mlangoni kwamba akisema mbele ya watu, yeye hatamkana. Kazi yake ya Kituo ataipoteza. Alisema hivyo kama anayetaja hali ya hewa.

Malogo alieleza. Aliwaonyesha mizizi kwenye chupa, akaipitisha wainuse. Kila mtu aliijua ile harufu. Akawaeleza chumvi na gharama yake. Ndipo manung'uniko yalipoanza.

Masima, mwenye zizi kubwa kuliko yote, hakuinuka hata kuinuka.

"Mshika mzunguko amepigwa na jua," alisema. "Ng'ombe wa Igunguli wako Igunguli. Tazama ramani. Wangu wote mia na sita wapo. Kama wa kwake wanazurura, awafunge yeye."

Watu walicheka, kicheko kile cha wanaotaka jambo liishie hapo. Ramani ilikuwa upande wao. Chibago alikuwa amesimama nje ya mlango, hakuingia, mikono nyuma.

Malogo aliingiza mkono ndani ya mfuko wa unga aliokuja nao, akautoa ule waya. Hereni ziligongana. Kicheko kikakatika, kwa sababu hapakuwa na mwanamume mle ndani asiyekuwa na waya kama huo nyumbani.

Akachomoa ya kwanza.

"Mabala," alisema. "Msunjile, kwa Chibago, mume wa dada yangu."

Aliiponda hereni kwa jiwe juu ya sakafu, na kwenye ramani kinukta kimoja kikazimika. Mzee mmoja juu ya marobota alifunika uso, kama aliyeona mtu anavua nguo msibani. Malogo akachomoa ya pili. Akamtaja ng'ombe, akataja kijiji, akataja mtu. Akachomoa ya tatu. Alifika ya kumi na mbili akasahau jina la ng'ombe, akasimama. Akamkumbuka. Akaendelea. Wa thelathini na moja alikuwa kwa mtu waliyetahiriwa naye, na jina la mtu huyo lilimtoka kwa shida kuliko yote, kwa kuwa waliapiana.

Akasema kesho asubuhi ataanza kumzima mdudu, akianzia zizi lake. Kisha atapanda pikipiki kwenda nyumba zote kumi na moja alizozitaja, moja baada ya nyingine, kusema mwenyewe.

"Umemaliza?" Masima aliuliza.

"Nimemaliza."

"Umejivua nguo mbele ya watoto."

"Nimejivua."

Malogo aliwatazama usoni mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa anatazama fiwi. Akaelewa kwamba hakuna atakayesema. Amepoteza ng'ombe wake, ameua jina lake, na vinukta elfu mbili bado vinang'aa ukutani vikidanganya.

"Hajamaliza."

Alikuwa Mwaja. Alisimama upande wa mlango, akafungua fundo la khanga yake kiunoni, akatoa hereni moja, akaiweka sakafuni karibu na lile jiwe.

"Yule mtamba mwekundu, baba Nyemo. Hakuliwa na fisi. Yuko kwa mama yangu, ng'ambo ya korongo. Mwaka wa nne huu."

Malogo alimtazama bila kupepesa. Alikuwa amemtegea fisi yule mwezi mzima. Alikuwa amelala porini na mkuki. Kuna mtu alianza kucheka, akagundua yuko peke yake, akaacha.

Kabla Mwaja hajakaa, mwanamke mwingine alianza kuhangaika na fundo la khanga yake. Nyuma yake akafuata wa tatu, mjamzito, akisema mbuzi nao wanakula fiwi, je, mbuzi wanahesabiwa? Tukuswiga akasema wanahesabiwa. Mke mkubwa wa Masima aliinuka. Masima akamwambia keti. Hakuketi. Alitaja ng'ombe saba na vijiji vitano, haraka haraka, macho yamefumba. Alipomaliza Masima alikuwa ameshuka kutoka kwenye robota, anatafuta kitu mifukoni mwa koti lake, na kitu kile kilikuwa kinalia kama waya wa Malogo.

Vinukta vilizimika. Vilizimika kimoja kimoja, kisha kumi kumi, mpaka ramani ya Igunguli ikawa na mabaka meusi kama ngozi ya Mabala. Vijiji vilivyotajwa havikuwamo kwenye kitambaa. Tukuswiga aliomba mkaa, akaanza kuandika ukutani, nje ya ramani, juu, chini, mpaka mkono haukufika. Hakuwa analia, lakini pua ilikuwa inamtiririka na hakuifuta.

Chibago aliingia ndani wakati huo. Watu walimpisha. Alisimama mbele ya ukuta ule, akasoma majina polepole, kisha akamgeukia shemeji yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kamba.

"Mabala alizaa kwangu mara mbili," alisema. "Yule ndama wa kwanza ulinipa."

"Nilikupa. Alikuwa haki yako."

"Sikumweka zizini kwangu. Nani anaweka wote zizi moja?"

Ndama yule alikuwa na mdudu tumboni, na hakuwahi kuvaa hereni.

Tukuswiga, mkaa mkononi, aliuliza amempeleka wapi, na ni mbali kiasi gani. Chibago hakujua jina la kijiji. Alimpa rafiki, na rafiki naye ana watu wake. Alinyoosha mkono kupita mlango wa ghala, kuelekea kusini. Akafikiri kidogo. Kisha akaunyoosha zaidi.